Jinsi ya kupanga safari ya miguu kuuzunguka Mont Blanc

Njia inayouzunguka mlima Mont Blanc ina urefu wa takriban kilomita 170, hupita Ufaransa, Italia na Uswisi, na jumla ya miinuko yake hukaribia mita 10,000. Wengi huanzia kijiji cha Les Houches, Ufaransa, na kuimaliza kwa siku 10 au 11.

Hatua ya kwanza ni kuchagua majira. Msimu ni katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, lakini mimi hupendekeza mwanzo wa Septemba, kwani mwezi Juni theluji iliyoganda huweza kufunika vipito vya juu, yaani sehemu za kuvukia kati ya vilele, kama Col du Bonhomme, na kuteleza hapo ni hatari hata kwa mwenye buti nzuri.

Pili, weka nafasi za malazi kabla ya kukata tiketi ya ndege, maana vibanda vya mlimani kama Rifugio Bonatti hujaa mapema mno. Viza moja ya Schengen inatosha kwa nchi zote tatu. Fedha ni yuro, na faranga ukifika Uswisi.

Tatu, punguza mzigo. Kilimanjaro wagumu, yaani wapagazi, hukubebea. Huku kila kilo iko mgongoni mwako. Acha blanketi, kwa kuwa vibanda hutoa, ila beba shuka lililoshonwa kama mfuko, ambalo ni sharti la kulala humo.

Nne, na hili ndilo la kuzingatia kuliko yote, vuka kipito kabla ya adhuhuri, kwa sababu radi za kiangazi hupiga zaidi alasiri. Chukua mfano wa Grand Col Ferret, mita 2,537, mpakani mwa Italia na Uswisi, ambako hakuna hata mti wa kujikinga. Ondoka Bonatti saa moja asubuhi, teremka Arnouva, kisha panda hadi Rifugio Elena. Hapo geuka utazame nyuma, upande wa Col de la Seigne: mawingu yakiwa yamejikusanya na kuwa meusi, subiri kibandani.

Ukishavuka, mteremko wa kwenda kijiji cha La Fouly, Uswisi, ni wa mita zaidi ya 900. Refusha magongo ya kutembelea kidogo, piga hatua fupi, na usikaze magoti. Yakiuma, panda basi kutoka La Fouly hadi Orsières, kisha jingine hadi Champex. Kipande hicho cha bondeni ndicho chepesi kuliko vyote, na kukiruka si hasara kubwa.