Kwenda kazini kwa baiskeli wakati wa masika Mombasa

Mvua za masika hapa kwetu hukolea Aprili na Mei, na ndipo wengi huegemeza baiskeli ukutani wakarudi kubanana kwenye matatu. Mimi sioni sababu. Mvua hukulowesha tu. Yenye kuangusha watu ni maji yaliyotuama, na yenye kuua baiskeli ni chumvi. Maelezo haya ni ya baiskeli ya kawaida, breki zake za raba za kubana rimu.

Kwanza funga madigadi, mbele na nyuma. Ile ya mbele iongeze kipande cha tyubu kuukuu kining'inie chini, la sivyo miguu itaoga matope.

Pili, kagua raba za breki. Zikiwa zimelika hadi mifereji yake haionekani, badilisha. Zikiwa bado nzima, chokoa mchanga ulionasa, maana ndio unaokwaruza rimu.

Tatu, punguza upepo wa tairi kidogo tu ili zishike barabara. Ukizidisha, shimo la kwanza litakupa pancha.

Nguo za kazini mimi huzitia kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa, yenye kifuniko, nikaifunga kwa mpira kwenye keria. Watacheka, lakini shati litafika kavu. Miguuni vaa viatu vya kamba: ndara huteleza kwenye pedali, na makubadhi ya ngozi ni hasara.

Sasa barabarani. Rimu ikilowa breki huchelewa kushika, kwa hiyo anza kubana mapema na taratibu, maji yafutike kwanza, ndipo ukaze. Jihadhari zaidi na mvua ya kwanza baada ya jua la siku nyingi, kwani oili ya magari huelea juu ya lami. Kabro (matofali ya barabarani) za Mji wa Kale, mistari ya kivuko cha miguu na vifuniko vya chuma vyote huteleza. Vipite ukiwa umenyooka, bila breki wala kukata kona. Dimbwi usiloliona chini usiliingie, kwa sababu mitaro mingine haina vifuniko. Subiri tuktuk ipite, utazame magurudumu yake yanazama kiasi gani. Ukiwa na shaka, shuka ukokote.

Kwenye Daraja la Nyali kuna kusi, ule upepo utokao kusini. Ukielekea mjini inakupiga kutoka kushoto, inakusukuma kulia kwenye magari. Jioni ukirudi, inakusukuma ukingoni, na hiyo ni afadhali. Ikivuma kwa mikupuo, pita njia ya waendao kwa miguu ukikokota.

Ukifika nyumbani usiiache hivyo hivyo. Isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, si ya kisima: visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi, utakuwa unaongeza kutu. Kinga maji ya mvua kwenye pipa, ndiyo yafaayo. Kausha cheni kwa kitambaa. Ikiwa na uchafu mzito, isugue kwa mafuta ya taa, uiache ikauke. Kisha tia tone la oili ya cherehani kwenye kila kiungo, zungusha pedali, na ufute yote iliyobaki nje. Oili chafu ya gari ambayo mafundi wengine hupaka hunasa mchanga na kula meno. Waya za breki nazo zitie tone pale zinapoingia kwenye ala zake. Mara moja moja chomoa kiti, uipindue baiskeli: utashangaa maji yatakayotoka ndani ya bomba.