Mbwa mpimie chakula kwa mbavu sio kwa macho yake

Mnaofuga mbwa, msiangalie anavyowakodolea macho maana hata akishiba bado atajifanya hajala tangu juzi. We mpapase tu mbavuni, ukizisikia mbavu bila kubonyeza sana yuko poa, ukihangaika kuzitafuta punguza chakula, zikionekana zote kwa mbali muongezee. Na jamani ugali na supu peke yake haumtoshi, changanya na dagaa waliooshwa mchanga vizuri au utumbo uliochemshwa ukaiva, maini kidogo mara mojamoja, karoti ukiwa nayo. Chumvi achana nayo, vitunguu maji na swaumu ndo usithubutu kabisaaa vinaharibu damu yake, kwa hiyo lile rosti la jana lililobaki usimmwagie. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, inavunjika vipande vikali inaweza kumtoboa utumbo. Mkubwa mara 2 kwa siku inatosha, katoto ka miezi miwili mitatu kape kidogokidogo mara 3 au 4. Aliyehasiwa ananenepa chap so mpunguzie kiasi, na zile chapati anazorushiwa na watoto nazo zihesabu.