Mtoto yuko hai skuli Marekani na anataka kazi za afya? Anzeni mapema namna hii

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani, na nyie vijana mnaosoma hapa, hii ni kwa ajili ya yule mtoto anayesema nataka kuwa nesi, nataka kuwa daktari, nataka kufanya kazi hospitali, halafu nyumbani hakuna anayejua pa kuanzia. Ipo njia ya kusoma kozi za koleji akiwa bado hai skuli, mara nyingi bila kulipa ada, na akimaliza gredi ya 12 anatoka na diploma ya hai skuli pamoja na kredi za koleji (zile pointi unazopata kwa kila kozi unayofaulu, zinazohesabika kuelekea digrii), wengine wanatoka mpaka na digrii nzima ya miaka miwili. Hiyo ndo inaitwa erli koleji. Watu wetu wengi inawapita hivi hivi kwa sababu barua ya kuomba nafasi inakuja mtoto akiwa gredi ya 8, imeandikwa Kiingereza, inawekwa kabatini mpaka tarehe inapita.

Kwanza jueni kwenu kuna nini

Kuna shule kamili za erli koleji, mtoto anaingia gredi ya 9 na ratiba yote imepangwa kwa ajili hiyo, nyingine ziko ndani ya kampasi ya komuniti koleji (chuo cha umma cha miaka miwili) kabisa. Texas na North Carolina zinazo nyingi. Kuna P-TECH, iliyoanzia Brooklyn mwaka 2011 kwa mambo ya kompyuta, inaanzia gredi ya 9 na inaweza kufika miaka sita, na sasa zipo zinazofundisha afya, shule inaungana na koleji na mwajiri. Halafu kuna duali enrolmenti, yaani mtoto anabaki hai skuli yake ya kawaida ila anachukua kozi moja moja za koleji, na hapa kila jimbo lina jina lake: Ohio ni College Credit Plus na inaanzia gredi ya 7, Washington ni Running Start kwa gredi ya 11 na 12, Minnesota wanaita PSEO na wanayo tangu 1985. Pia Januari 2024 shirika la hisani la Bloomberg Philanthropies lilitangaza dola milioni 250 kwa ajili ya hai skuli za afya sehemu 10 za nchi zikishirikiana na hospitali, na kwenye hiyo orodha zimo Houston, Dallas, Nashville, Charlotte na Durham, miji ambayo Waswahili tumejaa, kwa hiyo mlioko huko ulizeni.

Mwendeeni kaunsela wa shule mkamuulize tu, jimbo letu lina programu gani ya koleji kwa mtoto wa hai skuli, na je kuna ya afya. Msisubiri mpaka gredi ya 11.

Swali ambalo mimi naona ndo kubwa kuliko yote

Kredi hizi zinaingia wapi? Msiulize kredi ngapi, ulizeni zinaingia wapi. Maana shule zinapenda kujisifu, mtoto wenu atatoka na kredi 60, na mzazi akisikia hivyo anafurahi anasaini, halafu baadaye inakuja kuonekana kredi 60 ni za masomo mchanganyiko ambayo programu ya unesi haiyahitaji hata nusu. Namjua binti mmoja alimaliza hai skuli na digrii ya miaka miwili, tukasherehekea vizuri, alipoenda kuomba unesi wakamwambia hongera sana, sasa nenda kasome Anatomia na Fiziolojia (mwili ulivyoundwa na unavyofanya kazi) sehemu ya kwanza na ya pili, na mikrobiolojia, ndo urudi. Mwaka mzima ukaenda hapo, na angeweza kuyasoma hayo masomo bure akiwa gredi ya 11 kama kuna mtu angekaa naye kupanga.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chagueni programu mbili tatu ambazo mtoto angependa kuingia baada ya hai skuli, iwe ni unesi, radiolojia, tiba ya upumuaji, usafi wa meno, chochote. Fungueni tovuti zao mtafute orodha ya masomo ya lazima kabla ya kuomba. Kwa unesi mara nyingi mtakuta Anatomia na Fiziolojia zote mbili, mikrobiolojia, takwimu, saikolojia na uandishi wa Kiingereza. Ichapisheni hiyo karatasi, mpeleke kwa kaunsela, muweke ratiba ya mtoto pembeni, na kila kozi ya koleji iwe na mahali inapoangukia. Ambayo haina mahali, ulizeni kwa nini anaichukua. Na mkiambiwa koleji fulani inapokea kredi, ombeni ya maandishi, kuna makubaliano rasmi kati ya koleji na vyuo vikuu yanayoonyesha kozi ipi inahesabika kama ipi. Ulizeni pia kama sayansi zina muda wa kuisha, kuna programu zinakataa anatomia iliyosomwa miaka mingi nyuma.

Anayetaka udaktari naye asikilize vizuri. Kuna shule za udaktari zinazopenda kuona sayansi ngumu zimesomwa chuo kikuu, kwa hiyo huyu erli koleji imsaidie zaidi kumaliza yale masomo ya jumla, asikimbilie kumaliza kemia yote akiwa na miaka 16.

Alama za koleji hazifutiki

Hapa chonde chonde. Greidi anayopata mtoto wa miaka 15 kwenye kozi ya koleji inaingia kwenye transkripti ya koleji, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama zake, na inabaki humo. Siku akiomba shule ya udaktari, mfumo wa maombi unaoitwa AMCAS unataka kozi zote za koleji alizowahi kuchukua, na za wakati wa hai skuli zimo. Na F zikiwa nyingi zinaweza kumharibia hata msaada wa FAFSA (fomu ya kuomba serikali kuu msaada wa kulipia chuo) baadaye, kwa sababu koleji inaangalia maendeleo yake yote ya masomo.

Kwa hiyo aanze na kozi moja nyepesi kidogo, aone mwendo wa koleji ulivyo, ndo aongeze. Silabasi ikitolewa wiki ya kwanza aandike tarehe zote za mitihani kwenye kalenda, pamoja na tarehe mbili ambazo watoto wengi hawazijui: ya mwisho kudropu kozi bila kuacha alama, na ya mwisho kutoka na W, yaani alama ya kwamba amejitoa kwenye kozi. W sio nzuri lakini ni afadhali mara mia kuliko F.

Na wazazi mjue, maprofesa hawapigi simu nyumbani. Kwa sheria ya FERPA mtoto akishakuwa mwanafunzi wa koleji haki ya rekodi za huko ni yake hata kama ana miaka 15, kwa hiyo mnaweza kukaa mpaka mwisho wa semista hamjui kitu. Mwambieni awaonyeshe greidi zake mwenyewe kila baada ya wiki mbili hivi.

Anatomia hiyo ni nini hasa? Mwili una mifupa 206 na kila mfupa una matundu na vijipindo vyenye majina. Kwenye mtihani wa maabara vinapangwa vituo, kila kituo kina mfupa au modeli yenye kipini chenye namba, unasimama muda mfupi unaandika jina unahamia kingine, na maprofesa wengi wanakata alama ukikosea spelingi. Hiyo haisomwi usiku mmoja. Kinachosaidia ni kuchora na kusema kwa sauti kila siku, dakika 30 tu lakini kila siku, na kwenda maabara ya wazi kushika ile mifupa kwa mikono. Sasa mtoto huyo huyo akirudi nyumbani ndo mlezi wa wadogo zake, ndo mpishi, ndo anayesoma barua zote za familia, hiyo dakika 30 anaitoa wapi? Mpeni nafasi jamani, walau miezi ya mitihani.

Kuhusu mtihani wa kuingia kwenye kozi za koleji, koleji nyingi zinatumia Accuplacer, na Texas wana TSIA2. Hii mitihani haina saa inayokukimbiza, kwa hiyo mtoto ambaye Kiingereza kinamsumbua asome taratibu arudie swali. Mazoezi ya bure yako mtandaoni.

Cheti cha kuanzia kazi

Programu nyingi za afya zinampa mtoto nafasi ya kufanya CNA, yaani msaidizi wa nesi. Serikali kuu inataka masaa yasiyopungua 75 ya mafunzo, 16 kati ya hayo yawe ya vitendo chini ya usimamizi, na majimbo mengi yanadai zaidi. Mtihani una sehemu mbili, maswali na vitendo, na kwenye vitendo kunawa mikono kunaangaliwa siku zote. Wengi wanafeli hapo hapo kwa kitu wanachodhani wanakijua. Unasugua sekunde 20 au zaidi, vidole vinaangalia chini na viko chini kuliko viwiko, katikati ya vidole na chini ya kucha, hugusi sinki hata kidogo, unajikausha, halafu bomba unalifunga kwa karatasi safi kavu, sio kwa mkono ulioosha sasa hivi. Afanyie mazoezi nyumbani mtu akimwangalia.

Kabla ya kuingia klinikali, yaani mafunzo ya vitendo kwa wagonjwa, wanataka chanjo zote (hepatitis B, surua, tetekuwanga, pepopunda), kipimo cha TB, cheti cha BLS (kumwokoa mtu ambaye moyo umesimama au hapumui) na mara nyingi ukaguzi wa rekodi za polisi. Kuhusu TB, watoto wetu wengi wana kovu la BCG, ile chanjo ya TB, na kile kipimo cha kuchoma kwenye ngozi kinaweza kutoa positivu kwa sababu ya hiyo chanjo tu. Ombeni kipimo cha damu mapema, CDC (idara ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa) wenyewe ndo wanachopendekeza kwa aliyechanjwa BCG, msije mkapoteza semista mkizunguka kupiga eksirei.

Akiwa chini ya miaka 18 kuna hospitali hazimpokei, ulizeni umri kabla ya kujiandikisha. Pia sheria ya kazi haimruhusu kuendesha peke yake mashine ya umeme ya kunyanyulia wagonjwa. Na simu ibaki kwenye loka, picha moja ya mgonjwa TikTok inatosha kumfukuzisha, sheria ya HIPAA inayolinda siri za wagonjwa haina mchezo.

Kitu kingine ambacho hatukithamini ni Kiswahili chake. Akifika miaka 18 na ana diploma ya hai skuli, mafunzo ya masaa 40 ya ukalimani wa kitabibu yanamfungulia mlango wa kufanya mtihani wa ukalimani wa CCHI, shirika linalotoa vyeti vya wakalimani wa hospitali, na hiyo ni kazi anayoweza kuifanya huku anasoma unesi.

Mkiitwa shuleni kupanga haya yote na Kiingereza kinawapa shida, ombeni mkalimani siku kadhaa kabla. Shule inatakiwa kumleta bila nyie kulipa hata senti. Na asiwe mtoto mwenyewe, maana ni masomo yake ndo yanajadiliwa, na mnahitaji kusikia kila kitu kama kilivyosemwa.