SOMO: Krismasi kijijini na mtoto mwenye usonji au woga uliozidi

Kila ikifika Novemba naulizwa swali lile lile: "Dada, mnafikaje Moshi na huyo mtoto?" Naandika leo mara moja, mwakani nawatumia linki. Mwanangu ana usonji (autism), ana miaka 8. Tunaishi Dar, ukweni kwangu ni Kibosho. Mimi si daktari.

1. Tiketi kateni mapema, siti ya dirishani, mbali na spika. Ukisafiri tarehe 23 umejitakia.

2. Sisi tunaondoka usiku, tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023. Ni kilomita kama 550, na nyingi anazimaliza amelala. Wako akiogopa giza, nendeni mchana.

3. Kelele. Nunua vile viziba masikio wanavyovaa mafundi wa kukata vyuma, vinauzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Mzoeshe nyumbani wiki mbili kabla. Ukimvisha mara ya kwanza stendi, atavitupa.

4. Chakula beba anachokula. Wangu ni wali mkavu na yai, mtori hata harufu yake hataki. Usibishane na mtu jikoni.

5. Siku zihesabike. Maharage kumi kwenye glasi, kila asubuhi anatoa moja. Likiisha la mwisho, tunapanda basi.

6. KUFIKA. Hapa ndipo nilipoharibu.

Desemba 2021 tulifika saa kumi jioni, uani watu kama ishirini. Vigelegele, na wifi yangu mmoja akamnyanyua juu juu kwa furaha. Mimi kwa aibu ya ukweni, badala ya kumchukua mwanangu, nikamminya mkono: "Mwamkie bibi! Sema shikamoo!" Akamng'ata shangazi yake mpaka damu, akakimbilia chini ya kitanda cha bibi, akabaki huko hadi taa zikawashwa. Nilichokuwa naona ni soli za viatu vyake tu, zimechungulia chini ya shuka. Nje mtu akasema, "Watoto wa Dar hawana adabu." Nikaenda kulilia chooni.

Siku hizi simwandai mtoto peke yake, nawaandaa wakubwa. Wiki moja kabla nampigia mama mkwe: "Mama, mjukuu wako atakuamkia, ila kesho yake." Mtu mmoja tu anatupokea barabarani. Tunapita nyuma, kwenye migomba, moja kwa moja chumbani, anakaa na gari lake la kuchezea nusu saa au zaidi. Mimi ndiye ninayezunguka kuamkia watu, kwa niaba yetu wote wawili. Na bibi ndiye aliyeelewa kabla ya wote. Mtoto akimpungia tu mkono, yeye anaitikia "marahaba, baba" kana kwamba ameamkiwa.

Angalizo:
- Usimwachie mume "atawaambia kwao". Hawaambii.
- Usiruhusu "huyu mzee mmoja tu amsalimie". Nyuma yake kuna foleni.
- Usimtishe mtoto kwamba akilia utamwacha kwa bibi. Utakuwa umemharibia bibi na safari pia.

7. Awe na kona yake moja. Binamu zake waambiwe hawaingii.

8. Misani kaeni karibu na mlango.

MASWALI

Mpitanjia: Kwa hiyo dada, hivyo vya masikioni vinapatikana wapi?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Kibatari: Sisi tulichapwa fimbo mbili tukaamkia ukoo mzima. Mnawadekeza.

Mwandishi: Nilimminya wangu, matokeo umeyasoma. Kama fimbo zingetibu usonji tusingekuwa tunaongea hapa. Pita tu.

Mama Pacha: Nikimpa piritoni alale njiani?

Mwandishi: Hapana. Ni dawa ya mzio, si ya kulaza mtoto, na wapo watoto wanaochangamka zaidi wakiimeza. Basi limejaa, mko Segera, mtoto ndiyo kwanza anaruka juu ya siti. Muulize daktari wake, usitumie akili ya stendi.

Bintimuheza: Dada asante. Wangu haongei kabisa, na kuhesabu maharage hajui. Nimwelezeje safari?

Mwandishi: Mpenzi, mchoree. Karatasi ya daftari, mistari mibaya haina shida: begi, basi, nyumba ya bibi, kitanda atakacholala. Mnaipitia kila jioni kwa kidole, na safarini kila kituo kikipita anakikata kwa kalamu. Picha ya mwisho iwe mlango wa nyumbani kwenu. Mwaka wa kwanza niliisahau hiyo, na kumbe wangu alidhani tumehama. Siku nne alilala na viatu. Ukikwama njoo inbox, nitakutumia karatasi yetu uione.

Bintimuheza: Mungu akubariki. Sasa sisi ni Idi, tunakwenda Muheza. Mwezi usipoandama inasogea siku moja, na huyu siku ikibadilika ni kilio.

Mwandishi: Aisee, hilo sikuwahi kulifikiria. Waislamu wenye watoto hawa, msaidieni.

Babu Chumbageni: Kwetu tunachora siku mbili. Ya kwanza mwezi na alama ya kuuliza, ya pili kanzu. Usiku ule tunatoka naye nje kuangalia juu. Usipoonekana, anajua kesho bado ni mfungo. Kanzu nayo ifue mara tatu kabla, mpya inamwasha shingoni.

Mwandishi: Babu shikamoo. Naliongeza kwenye hatua ya 5. Na la nguo ni kweli, sweta la sufu la bibi, wangu alilivua katikati ya misa, akabaki na fulana.

Kibatari: Na mbuzi je? Mwanangu mwaka jana alimpa jina. Tulipomchinja hakula siku mbili.

Mwandishi: Kumbe na wewe unaye. Mbuzi aje tarehe 24 jioni, asikae siku tatu wazoeane. Wakati wa kuchinja, baba mdogo amchukue mtoto waende mtoni, na wasirudi mpaka ngozi imeshaondolewa uani. Alimpa jina gani?

Kibatari: Rafiki.