SOMO: Dakika mbili za kwanza na daktari (kwa wawakilishi wapya wa kampuni za dawa)

Ndugu zangu mnaoanza kazi hii, wengi mmeniuliza namna ya kuingia kwa daktari ambaye hamjawahi kuonana naye. Nawaandikia ninavyofanya mwenyewe, Dar na mikoani.

Hatua ya 1. Jiandae nyumbani. Ujue daktari ni wa fani gani. Hakikisha dawa yako imesajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na vipeperushi vyako vina kibali chao. Angalia pia kama dawa imo kwenye kitita cha mafao cha bima, maana daktari hana la kufanya na dawa ambayo mgonjwa wake akifika dirishani ataambiwa akanunue nje. Mavazi yawe safi, viatu vifutwe, basi.

Hatua ya 2. Chagua saa. Asubuhi kuna ripoti, kisha raundi ya wodini, kisha kliniki. Siku ya kliniki ya kisukari benchi hujaa mapema, na wengine hawajatia kitu tumboni kwa sababu ya kipimo cha sukari. Ukimpita mama aliyepakata faili lake, ukaingia wewe na begi lako, daktari ameshakujua wewe ni mtu wa namna gani. Anza kwa sista. Msalimie, jitambulishe, muulize, "Dokta huwa anapata nafasi saa ngapi?" Akisema saa tisa, rudi saa tisa. Mimi hukaa mwisho kabisa wa benchi, simu mfukoni.

Hatua ya 3. Piga hodi, subiri ukaribishwe. Akiwa mkubwa kwako, "Shikamoo, Dokta." Akiwa rika lako, "Pole na kazi, Dokta." Taja jina na kampuni, halafu: "Naomba dakika mbili. Kama leo hazipo, nipangie siku." Zikiisha, simama. Mara nyingi ataniambia "kaa kwanza," na maongezi yananoga hapo. Kabla hujafungua begi, muulize wagonjwa wake wanalalamikia nini kwenye dawa wanazotumia sasa. Bei? Miguu kuvimba kwa amlodipine? Kikohozi cha enalapril? Andika anachokujibu.

Hatua ya 4, na hii nawaomba sana. Usibahatishe jibu. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba dawa ya kisukari yenye metformin. Daktari mmoja akaniuliza kuhusu eGFR, kipimo cha utendaji wa figo, "Mgonjwa ambaye eGFR yake ni 28, nimpe kiasi gani?" Nikajibu haraka, "Nusu dozi, Dokta." Hakunigombeza. Alikikunja kipeperushi changu, akanirudishia, akamwambia sista amwite anayefuata. eGFR ikishuka chini ya 30, metformin haitolewi kabisa, na jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi ileile niliyompa. Usiku ule sikulala vizuri. Je, ningekutana na daktari intani aliyekesha zamu, akaniamini? Siku hizi nasema, "Dokta, hilo sina uhakika nalo, nitakuletea jibu keshokutwa." Na nalipeleka, limechapwa, hata kama haliipi dawa yangu sifa.

MASWALI YENU

Swali (Mwanza): Siku ya kwanza niende na zawadi?
Jibu: Hapana. Vigezo vya maadili vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1988 vinatukataza kumshawishi mwandikaji wa dawa kwa zawadi. Ukitaka kumsaidia, muulize kama fomu za njano za kuripoti madhara ya dawa zimemwishia, umtafutie.

Swali (Mbeya): Kituo cha afya nilichopangiwa kina matabibu tu, hakuna daktari bingwa. Si napoteza muda?
Jibu: Hupotezi. Tabibu ndiye anayeandika dawa pale, kila siku, kwa foleni nzima. Mpe heshima ileile na maandalizi yaleyale. Kuna matabibu walionifundisha mengi kuliko semina zetu.

Swali (Tanga): Mimi ni dada, nina miezi miwili kazini. Daktari ameniambia maelezo ya dawa nikampe jioni hotelini.
Jibu: Pole, mdogo wangu. Mjibu kwa adabu, "Dokta, nitakuletea ofisini kwako saa za kazi," na usiongeze neno. Mwarifu msimamizi wako leo hii, kwa maandishi, na ziara inayofuata nenda na mwenzako. Msimamizi akilipuuza, niandikie pembeni.