Nafasi zilizopo shule za serikali Dar es Salaam, na karatasi zinazotakiwa ili mtoto azipate

Mzazi mwenye mtoto shule ya serikali huko Chanika, Goba, Chamazi au Kibada mara nyingi anajua mambo mawili tu: ada hakuna, na darasa limejaa. Yote mawili ni kweli. Lakini ndani ya shule hizohizo kuna elimu maalumu, masomo kwa waliokosa shule, michezo inayofika ngazi ya taifa, vitabu vya bure na njia za kwenda ufundi. Nyingi huja kama barua kwenye meza ya mwalimu mkuu, hukaa siku chache kwenye ubao wa matangazo, na muda unakwisha. Anayechelewa mara nyingi ni mtoto ambaye jina lake limeandikwa tofauti kwenye kila karatasi, au mzazi aliyekwenda ofisi isiyo yake. Tuanze na hayo.

Jua halmashauri yako

Mkoa una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (Ilala ya zamani, tangu 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Ubungo ilimegwa Kinondoni na Kigamboni ikamegwa Temeke, na bado wapo wakazi wa Goba wanaopanga foleni Kinondoni ilhali mambo yao yako Ubungo. Mbezi ya Luis ni Ubungo, Mbezi Beach ni Kinondoni. Chanika na Kivule ni Jiji. Mbagala, Chamazi na Toangoma ni Temeke. Uhamisho, elimu maalumu na timu za michezo vyote hupitia halmashauri ambako shule iko, si mahali unapofanyia kazi.

Ngazi za kupita ni hizi: mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu (sekondari ni mkuu wa shule), Afisa Elimu Kata ambaye wengi bado wanamwita mratibu, kisha Afisa Elimu Msingi au Sekondari wa halmashauri. Ukiruka ngazi utarudishwa chini na siku imepotea. Kila unapokwenda, nenda na barua nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ibaki kwako.

Kuandikisha, na suala la jina

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza huanza Oktoba kwa ajili ya Januari. Awali ni miaka mitano, darasa la kwanza ni miaka sita. Peleka nakala ya cheti cha kuzaliwa na utambulisho wa serikali ya mtaa wako. Katika kata zenye msongamano usingoje Januari: shule ya karibu ikijaa, mtoto atapelekwa ya mbali, au atapangwa zamu ya mchana arudi nyumbani jioni sana.

Mtoto asiye na cheti huandikishwa kwa kadi ya kliniki, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Kadi ina jina la utani la nyumbani, au jina la babu lililoandikwa na muuguzi kwa kusikia. Shule inanakili vilevile. Miaka sita baadaye cheti kinatoka RITA na jina jingine, na mtoto sasa ana majina mawili.

Kila mwanafunzi ana namba kwenye mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani, unaoitwa PReM. Jina lililo humo ndilo linalokwenda kwenye mtihani wa darasa la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne, na ndilo linalochapwa kwenye cheti. Kosa likionekana kabla ya mtihani, shule inaweza kuomba lirekebishwe. Baada ya matokeo kutoka ni shida kubwa, na kiapo cha mahakamani hakibadilishi kilichochapwa kwenye cheti cha Baraza.

Kwa hiyo fanya hivi. Mtoto akiingia darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne, mwombe mwalimu wa taaluma akuonyeshe orodha ya watahiniwa mapema mwaka huo, kabla usajili haujafungwa. Orodha huwa imeandikwa kwa herufi kubwa, majina matatu, jinsia mbele yake. Weka cheti cha kuzaliwa pembeni, pitisha kidole, soma herufi moja moja. HASSAN au HASSANI? MWANAIDI au MWANAHIDI? Jina la kati ni la baba au la babu? Jinsia je, M au F? Herufi moja ya ziada huonekana ndogo siku hiyo, lakini kijana akija kuomba kitambulisho cha taifa, mkopo wa chuo au ajira, ndiyo itakayomrudisha foleni. Ukikuta kosa, andika barua siku hiyohiyo, ambatanisha nakala ya cheti, na urudi baada ya wiki mbili kuangalia kama limerekebishwa. Usitosheke na kuambiwa limeshafanyiwa kazi, omba uonyeshwe.

Kama cheti cha kuzaliwa hakipo kabisa, maombi huanzia RITA kwa mtandao, kwenye mfumo wa eRITA, au kwenye ofisi ya wilaya. Kizazi kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Ukichelewa bado unasajili, ila ushahidi unaoombwa unaongezeka: tangazo la kizazi la hospitali, kadi ya kliniki, vitambulisho vya wazazi. Tunza hilo tangazo.

Uhamisho

Familia zinazohama kutoka Manzese kwenda Kivule huhamisha godoro kwanza na mtoto baadaye. Geuza mpangilio. Nenda kwanza shule unayotaka, upate kwa maandishi kwamba nafasi ipo. Ndipo uende shule ya sasa na barua ya kuomba uhamisho. Walimu wakuu wa pande zote mbili wanasaini, na ikiwa unavuka halmashauri, idhini ya ofisi za elimu nayo inahitajika.

Saini hizo hazitoshi. Mtoto ahamishwe pia kwenye PReM. Mara nyingi mtoto anasoma shule mpya mwaka mzima huku mfumo ukimhesabu wa shule ya zamani, na siku ya usajili wa mtihani jina lake halipo. Baada ya kama mwezi mmoja, muulize mwalimu wa taaluma wa shule mpya swali hili hasa: “Jina la mwanangu limeshaingia kwenye mfumo wa shule hii?” Na usihamishe mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne katikati ya mwaka bila sababu nzito, kwa kuwa akishasajiliwa kituo chake cha mtihani kimeshapangwa.

Wanaotaka Kiingereza katika shule ya serikali wanazo Olympio na Diamond, zote Upanga. Zina ada, tofauti na shule nyingine nyingi za msingi za serikali, na ushindani wake ni mkubwa. Kwa anayetoka Mbagala, pima pia saa za barabarani. Mtoto wa miaka sita anayeamka saa kumi alfajiri hulala darasani.

Mtoto mwenye mahitaji maalumu

Hapa wazazi hupoteza miaka mingi kuliko kwingine kokote, na mara nyingi ni kwa aibu au kwa kudhani mtoto ni mzito tu. Mtoto anayesogeza daftari hadi puani, anayejibu tu anapokutazama mdomo, anayerudia darasa bila kusogea, apimwe kwanza. Anzia hospitali kwa macho na masikio, upate majibu kwa maandishi, kisha uende nayo kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu halmashauri. Yeye ndiye anayejua shule zipi zina kitengo na walimu wa fani hiyo. Dar es Salaam zipo Uhuru Mchanganyiko, inayopokea wasioona na wenye ulemavu mwingine, Buguruni Viziwi kwa watoto viziwi, na Sinza Maalum kwa wenye ulemavu wa akili. Shule nyingine kadhaa za kawaida zina vitengo ndani yake, ndiyo maana afisa aulizwe kabla ya mzazi kukata tamaa kwa sababu ya umbali.

Si kila mtoto anahitaji kuhama shule. Mwenye uoni hafifu, wakiwemo watoto wengi wenye ualbino, anaweza kubaki alipo kwa mambo machache: dawati la mbele mbali na dirisha lenye mwanga mkali, ruhusa ya kofia na mikono mirefu nje, na mwalimu anayesoma kwa sauti anachoandika ubaoni. Andika barua ukiomba hayo moja moja. Ombi la jumla la “mumsaidie mwanangu” husahaulika kufikia Ijumaa.

Kwenye mitihani ya taifa, Baraza huwapa wenye mahitaji maalumu maandishi ya nukta nundu au maandishi makubwa, na muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtihani wa saa mbili za Hisabati unakuwa na dakika 40 zaidi. Lakini haki hiyo humfikia yule tu aliyesajiliwa hivyo. Shule ikimsajili kama mtahiniwa wa kawaida, karatasi ya maandishi makubwa haitakuwa kwenye bahasha, na msimamizi hawezi kuitengeneza asubuhi ile. Unapokagua jina, kagua na hili.

Michezo, vikundi na vitabu

Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huanzia shuleni, hupanda kata, halmashauri, mkoa hadi taifa, kwa kawaida katikati ya mwaka. Kuna soka, netiboli, wavu, mpira wa mikono, riadha, kwaya na ngoma. Mchujo wa shule hufanyika wiki nyingi kabla, hivyo mtoto ajitokeze kwa mwalimu wa michezo tangu muhula unapofunguliwa. Skauti na Girl Guides zipo shule nyingi. Sare yake ni gharama ya mzazi.

Kwa vitabu, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, ol.tie.go.tz, yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure kwa simu. Darasa likiwa na kitabu kimoja kwa watoto kadhaa, hii ni msaada wa kweli. Tumia Wi-Fi ya mtu au bando la usiku, maana kurasa zake ni nzito.

Elimu bila ada ilianza 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 ikafika kidato cha tano na sita. Sare, madaftari na nauli vinabaki kwako. Mchango wa chakula au mlinzi unajadiliwa kwenye kikao cha wazazi, na mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu haujalipwa. Hudhuria kikao, viwango hupangwa na waliokuwepo.

Aliyeacha au kukosa shule

MEMKWA ni darasa ndani ya shule ya msingi kwa watoto waliopitwa na umri. Wa miaka 9 hadi 13 huandaliwa kwa mtihani wa darasa la nne ili waingie la tano katika mfumo wa kawaida. Wakubwa zaidi, hadi 18, huandaliwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Si kila shule ina darasa hilo. Mwulize Afisa Elimu Kata.

Mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu yoyote, ujauzito ukiwemo, anaruhusiwa kurudi kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021. Arudi mapema, asiache mwaka wa pili upite. Asiyetaka kurudi darasani na wadogo zake anaweza kusoma kwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako masomo ya miaka minne ya sekondari husomwa kwa miaka miwili: mwaka wa kwanza hadi mtihani wa maarifa, unaoitwa QT, na wa pili hadi kidato cha nne. Wasichana waliokatiza sekondari wana mpango wao hapo usio na ada. Kabla ya kulipia kituo chochote cha mtaani, hakikisha kimesajiliwa, na upewe namba ya usajili wa mtihani mkononi.

Baada ya kidato cha nne

Shuleni mwanafunzi hujaza fomu ya uchaguzi, Selform, mara nyingi haraka na kwa kufuata marafiki. Matokeo yakitoka, dirisha hufunguliwa kwenye selform.tamisemi.go.tz abadilishe chaguo kulingana na alama alizopata kweli. Wengi hawalitumii, kisha wanalalamika wamepangiwa kombi wasiyoitaka.

Hesabu iko hivi. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4. Kuchaguliwa kidato cha tano kunahitaji angalau C tatu au zaidi ya hapo katika masomo yasiyo ya dini, na masomo matatu ya tahasusi (kombi) yasizidi jumla ya 10, bila F. Mwenye Fizikia C, Kemia C na Hisabati D ana 10: akiwa na C ya tatu au zaidi katika somo jingine anaruhusiwa, ila kwa ushindani yuko mkiani mwa foleni ya PCM. Kama Jiografia ana B na Historia B, aangalie upya. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa hadi 65, kwa hiyo zile herufi tatu alizosoma kaka yake si orodha yote tena.

Selform pia ina vyuo vya kati vya serikali: afya, kilimo, ufundi. Kwa mwenye alama za wastani, stashahada humpa ujuzi wa kazi mapema kuliko kidato cha sita. VETA yenyewe haimo humo. Maombi hufanywa kwa VETA yenyewe, Chang'ombe kwa fani nyingi au Kipawa kwa TEHAMA, na nafasi za umeme na magari ndizo zinazojaa kwanza.

Akishapangiwa, pakua maelekezo ya kujiunga ya shule husika siku hiyohiyo. Fomu ya afya ijazwe hospitali ya serikali, si duka la dawa. Shule inaweza kuwa Songea au Kagera na masomo huanza Julai, hivyo nauli, godoro na shuka vianze kutafutwa tangu Aprili. Asiporipoti ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelekezo, nafasi hiyo hupewa mwingine.