Hoteli katika msitu wa Usambara: chora maji kwanza, vyumba baadaye

Anayetaka kujenga hoteli upande wa Amani, wilayani Muheza, asianze kwa kuchora vyumba. Achore maji. Nenda kiwanjani wakati wa masika, mvua ikiwa inanyesha, uweke kwenye ramani kila mkondo: unapoanzia, unapokatiza njia, unapotuama. Panapopita maji hapajengwi, hata kama ndipo penye mandhari nzuri kuliko kote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na cheti cha mazingira kinapatikana kabla ya kukata mti wa kwanza.

Kisha upe namba kila mti wenye shina nene kuliko sentimita 20. Pima kipenyo cha shina, zidisha mara 12: huo ndio upana wa mizizi ya kulindwa kila upande. Shina la sentimita 50 linadai mita 6. Ndani ya duara hilo hapaingii gari wala rundo la mchanga. Vyumba viende kwenye uwazi uliokuwepo tayari, au palipojaa mesopsis, mti wa kupandwa uliosambaa hadi ndani ya misitu ya Usambara.

Msingi wa mtaro usahau. Unakata mizizi na kuziba maji ya mteremko. Yakikosa njia yanakula udongo chini ya zege, na ukuta unapasuka. Simamisha jengo juu ya nguzo, sakafu iwe angalau sentimita 80 kutoka ardhini hata upande wa juu wa mteremko, ili fundi aweze kuingia chini kukagua mchwa. Shimo la nguzo liwe sentimita 60 kwa 60, lichimbwe kwa mkono hadi udongo mgumu. Ukikutana na mzizi mnene kuliko sentimita 5, sogeza nguzo, usikate mzizi. Hilo linawezekana tu kama mchoraji alijiandaa: boriti zihesabiwe kubeba mzigo hata nguzo ikihama sentimita 40 kushoto au kulia. Mchoro usio na nafasi hiyo unamlazimisha fundi kushika shoka. Juu ya kila nguzo weka kofia ya bati, kingo zake zikiwa zimekunjwa kuelekea chini na kutokeza sentimita 5. Haiui mchwa, lakini inawalazimisha kupitisha njia yao mahali panapoonekana.

Makuti yanadumu Pangani kwa sababu jua na upepo wa bahari huyakausha. Kwenye kivuli cha msitu hayakauki. Yanaota kuvu, yanaoza, na paa linavuja. Tumia bati la kijani kilichokolea lisilong'aa, mwinamo wa nyuzi 25 au zaidi, upenu wa mita 1, na dari nzito ya mbao ya kupunguza kelele za mvua. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 5,000. Gata msituni hujaa majani upesi, kwa hiyo vyumbani zisiwepo: maji yadondokee kwenye mfereji wa kokoto wenye upana wa sentimita 60. Gata zibaki jikoni na mapokezi, kwenye mtu wa kuzisafisha, zijaze simtanki.

Kabati ziwe na milango ya luva, yenye mianya ya kupitisha hewa, la sivyo nguo za mgeni zinanuka uvundo. Taa za njiani zisipite kimo cha goti, zielekee chini, za rangi ya manjano.

Mwisho ni maji machafu, na hapa hapana mzaha: Mto Zigi ndio unaoinywesha Tanga mjini. Kwa mfano, watu 40 kwa lita 150 kila mmoja ni lita 6,000 kwa siku. Hapo karo la maji machafu lisipungue lita 12,000, liwe na sehemu mbili ndani. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye kisanduku cha kunasa mafuta, kwani mafuta yakifika kwenye shimo la kunyonya, linalopokea maji ya karo na kuyaacha yazame ardhini, huziba udongo. Kabla ya kuchagua mahali pa shimo hilo, chimba tundu, lijaze maji usiku kucha, asubuhi lijaze tena upime. Yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, tafuta pengine.